Waya Uliochemka na Jina la Mdogo Wangu

Karakana yetu ya ushonaji ina cherehani kumi na mbili za umeme. Asubuhi zote huwashwa pamoja, na kwa kelele ile hata ukiomba sindano lazima upaze sauti. Mimi hukata vitambaa. Mume wangu ni fundi umeme, tena fundi wa kujisikia. Washonaji humwita Injinia kwa utani, naye huitika kweli kweli.

Cherehani hizi ni za aina mpya, zenye mota za kielektroniki. Waya zake alizifunga mdogo wangu wa kiume. Kazi alijifunza kwa mume wangu, na mtaani watu walikuwa wameanza kumwita yeye mwenyewe kwa kazi.

Siku moja tulisikia harufu ya plastiki. Kwenye boksi la umeme, waya mmoja ulikuwa umeungua ganda. Ulikuwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme.

"Umeunga vibaya," mume wangu alimwambia.

"Hapana, shemeji. Waya unachemka wote, si kwenye maungio tu. Tupime cherehani zikiwa kazini."

"Leo unanifundisha mimi?"

Mume wangu alikuwa na mazoea yake. Alipima saa ya chakula, washonaji wakiwa nje, ili asisumbuliwe. Aliwasha cherehani moja moja. Akazibana waya tatu za fezi, zile zinazoleta umeme, kwa mita yake ya zamani, ile inayopima kwa kubana waya. Akaona namba ndogo, akaridhika. Nyutro hakuigusa. Alifundishwa kwamba fezi zikilingana, nyutro haibebi kitu.

Basi akatangaza. Aliwaambia washonaji, akawaambia wateja, akawafuata mpaka wenye nyumba waliokuwa wakimpa mdogo wangu kazi. "Huyu atawachomea nyumba," alisema. Mimi nilikuwepo, mkasi mkononi. Niliendelea kukata kitambaa, nikanyamaza. Mpaka leo sijajisamehe.

Mwezi haukuisha, hakuna aliyemwita tena. Alihama mtaa, akaenda kubeba matofali kiwandani.

Mume wangu akaunga nyutro upya kwa mkono wake. Baada ya wiki tatu ikaungua tena. Safari hii moto ulishika majora mawili ya kitambaa, na mshonaji mmoja akaungua mkono akiuzima.

Ndipo nilipomwita jirani yetu, mwanamke anayefundisha chuo cha ufundi. Waya ulipobadilishwa, alikuja na mita yenye kioo kinachoonyesha umbo la umeme.

"Subiri washonaji watoke kwanza, Mwalimu," mume wangu alisema.

"Wakitoka nitapima nini, Fundi? Jamani, shoneni wote."

Cherehani kumi na mbili zikanguruma. Kwenye kila fezi mita ilisoma kama ampea ishirini. Kwenye nyutro ikasoma thelathini na tatu.

"Mita yako mbovu," mume wangu alisema.

"Nzima kabisa. Tazama hapa." Kwenye kioo, palipotakiwa kuwa na wimbi laini, palikuwa na vilele vyembamba. "Umeme mzuri hupanda na kushuka taratibu. Mota hizi haziunywi taratibu, zinaugugumia. Umbo la wimbi linaharibika. Uharibifu huo mafundi tunauita harmoniki. Fezi tatu zikilingana, umeme wa kawaida hufutana ukifika kwenye nyutro. Sehemu kubwa ya harmoniki hizi haifutani. Inajumlika. Ndiyo maana nyutro inabeba kuliko fezi."

"Mbona mita yangu haikuonyesha?"

"Hukuiweka kwenye nyutro. Tena ilete hapa." Akaibana kwenye fezi ileile. Ikasoma kumi na nne. "Imetengenezwa kwa wimbi laini. Wimbi likiharibika, inakudanganya."

"Na maungio?" niliuliza.

"Maungio hayana kosa. Yale ya kwanza alifunga nani?"

Mume wangu akaichukua mita yake, akaizima.

Mwalimu alituelekeza. Tuliweka nyutro nene zaidi na kufunga kichujio cha kupunguza harmoniki. Mume wangu alitafuta mita inayosoma sawasawa hata wimbi likiwa limeharibika. Sasa hupima kila mwezi, cherehani zote zikiwa kazini, nyutro ikiwemo. Mara ya mwisho nyutro ilisoma ampea tisa. Waya hauchemki tena, na washonaji wanafanya kazi bila hofu.

Siku ya mapumziko tulikwenda kwa mdogo wangu. Alifungua mlango, mikono imechubuka. Zamani angemwamkia shemeji yake. Siku hiyo alisema tu, "Karibuni."

Mume wangu alimpa karatasi ya vipimo. "Nilikukosea, shemeji. Kosa halikuwa lako. Nimewaambia washonaji, na nimepita nyumba zote nilikokusema vibaya."

"Wamesemaje?"

"Wanasema wameshapata fundi mwingine."

Mdogo wangu aliisoma karatasi mpaka mwisho, kidole kikifuata namba. Aliisoma kifundi. Kisha akaikunja na kuirudisha.

"Na wewe, dada," alisema, "siku ile uliamini kwamba mimi naunga waya vibaya?"

"Sikuamini," nilimjibu.

"Ungesema hata neno moja tu," alisema, kisha akaenda kuvaa viatu vya kazini, kwa sababu zamu yake ilikuwa imekaribia.