Kitambaa Chekundu na Blanketi la Chome

Kila siku baada ya shule, kabla hata hajavua sare, Devotha alikuta gunia likimsubiri mlangoni. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya vitambaa ambayo mama yake, Yudith, aliyakusanya kwa mafundi cherehani wa sokoni Same. Devotha aliyamwaga juu ya mkeka na kuyachambua: vitenge upande huu, khanga upande ule, na vile vyepesi vinavyochanika ukivigusa tu vikatupwa. Mama yake aliviunganisha vipande hivyo kuwa mablanketi ya viraka. Watu wa milimani, kuanzia Vudee hadi Chome, waliyaagiza kwa sababu baridi ya huko haina mchezo.

Devotha, mwanafunzi wa darasa la sita, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Vumbi la vitambaa lilimpigisha chafya, nyuzi zilijisokota vidoleni, na akikosea mstari mama yake hakugomba wala hakupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Fumua." Devotha angeona afadhali kugombezwa kuliko kulisikia neno hilo.

Kipupwe kilipokaribia, mwanamke mmoja aitwaye Ernesta aliteremka kutoka Chome akiwa na kifurushi.

"Hizi ni nguo za marehemu mama," alimwambia Yudith. "Nataka blanketi la baba. Tangu mama afariki, baba analalamika kwamba nyumba imepoa. Vitenge ukate unavyoona inafaa. Ila hiki," alifunua kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, "ndicho alichojifunga kichwani kila Jumapili. Hiki kikae katikati."

"Kitakaa katikati," alisema Yudith.

"Jumamosi ya wiki ijayo nitashuka na gari la asubuhi. Gari hilo linarudi saa nane, nami lazima nirudi nalo. Baba ana baridi, dada. Usiniangushe."

Vitenge vya marehemu havikutosha kuzungushia pembeni, hivyo Devotha alitumwa dukani kwa Muhidin akanunue kitambaa chekundu. Muhidin alikuwa akiuza vitambaa sokoni tangu Devotha hajazaliwa, na binti yake, Tausi, alikaa dawati moja na Devotha shuleni. Muhidin alikata kitambaa kutoka kwenye jora jekundu, akakikunja.

"Mwambie mama yako rangi hii ni nzito," alisema. "Kilowekwe kwa maji ya chumvi, kisha kisuuzwe mpaka maji yatoke safi. Bila hivyo kitachuja."

"Baba, unamwambia Devotha aloweke?" Tausi alidakia akiwa amekalia majora. "Huyo hata miguu anaosha Jumapili tu!"

"Afadhali mimi naosha," Devotha alijibu, wakacheka wote watatu.

Nyumbani Yudith alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa yeyote. Kila kitambaa kipya kililowekwa kwenye beseni la maji ya chumvi pamoja na utepe mweupe. Utepe huo aliuita shahidi. Ukitoka na rangi, kitambaa kilirudishwa majini. Ukitoka mweupe, kitambaa kilikuwa tayari kushonwa.

"Kesho utakiloweka wewe," alimwambia Devotha. "Mimi nitashinda sokoni. Jioni unionyeshe shahidi."

Kesho yake Devotha alipeleka madumu kwenye bomba la mtaa. Foleni ilikuwa imepinda hadi barabarani. Jua la Same lilimchoma utosini. Mwanamke mmoja aliingiza madumu yake mbele akidai kwamba aliacha jiwe lake pale kumshikia nafasi tangu alfajiri, watu wakabishana, na wakati wanabishana bomba likakohoa, likatoa povu, likakauka. Mbele ya Devotha kulikuwa kumebaki watu wawili tu.

Alirudi na madumu matupu huku akiyapiga teke njiani. Nyumbani kulikuwa na maji ya kupikia, basi. Alikitazama kitambaa chekundu. Kilionekana kizuri, hakina tatizo lolote. Nani alisema lazima kichuje? Kwa nini watu wengine wawe wanacheza rede wakati yeye anapigania maji kwa ajili ya matambara?

Alichukua utepe mweupe, akauchovya kwenye kikombe cha maji safi, akaukamua na kuuanika.

"Shahidi yuko wapi?" mama yake aliuliza jioni.

"Huyu hapa."

Yudith aliuinua utepe kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mweupe pe.

"Vizuri," alisema. Ilikuwa nadra sana kwa mama yake kusema hivyo. Devotha alitoka nje upesi.

Blanketi lilikamilika Ijumaa asubuhi. Yudith hakuwahi kumkabidhi mteja blanketi ambalo halijafuliwa, kwa sababu alitaka kila kosa lionekane kwake kwanza. Devotha alipofika kutoka shuleni mchana, alimkuta mama yake amesimama kando ya karai, mikono ikidondosha maji. Maji yenyewe yalikuwa mekundu. Katikati ya blanketi, kitambaa cha kichwani cha marehemu kilikuwa kimegeuka pinki, na upande mmoja kilikuwa na mabaka kama ya damu.

Yudith alilikunja blanketi likiwa bado limelowa, akalifunika kwa nailoni. "Lisikauke," alisema. "Likikauka, rangi hii haitoki tena. Vaa viatu. Tunakwenda kwa Muhidin."

Dukani kulikuwa na wateja. Mmoja alikuwa ameshika kitambaa kutoka kwenye jora lilelile jekundu.

"Muhidin, umeniuzia kitu gani?" Yudith alianza hata kabla ya salamu.

"Kuna nini, Mama Devotha?"

"Kitambaa chekundu kimechuja na kuharibu kazi ya watu. Kitambaa cha marehemu, Muhidin! Nitakipata wapi kingine?"

"Mbona nilimwambia mtoto akiloweke?"

"Kililowekwa. Shahidi alitoka mweupe, nilimwona kwa macho yangu. Kama kimelowekwa kwa chumvi na bado kinachuja hivi, basi rangi yake ni mbovu, na mfanyabiashara mzoefu kama wewe huwezi kuniambia hukujua."

Mteja aliyeshika kitambaa chekundu alikirudisha mezani taratibu, akaondoka.

"Wallahi sijawahi kusikia jora hili limemsumbua mtu," alisema Muhidin. Alimtazama mteja wake akiishia, kisha akashusha pumzi. "Lakini wewe si mtu wa kusema uongo. Ngoja niliondoe dukani."

Alipanda kwenye kiti na kuanza kulivuta lile jora zito kutoka juu ya rafu. Tausi, ambaye kwa kawaida hakukosa la kusema, alikuwa ametazama chini.

Hakuna mtu aliyemshuku Devotha. Angeweza kunyamaza na jambo lingeishia pale, Muhidin akibaki na jora lisilouzika na jina la muuza vitambaa vibovu.

"Mama," alisema. "Sikukiloweka."

"Unasemaje?"

"Maji yalikatika. Sikukiloweka kabisa."

"Na shahidi?"

"Nilimchovya kwenye kikombe. Hakukaa na kitambaa."

Muhidin alibaki amesimama juu ya kiti, jora likiwa mikononi. Yudith akamgeukia.

"Muhidin, naomba unisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya wateja wako kwa jambo ambalo hukulifanya."

"Yamekwisha, Mama Devotha." Alilirudisha jora mahali pake. "Huyo aliyeondoka anauza mboga pale kona. Mtu amfikishie habari za kweli."

"Atamfikishia huyu," alisema Yudith. Devotha akaenda peke yake hadi kwenye meza ya mboga, akayarudia maneno yote mbele ya mtu asiyemjua hata jina. Yule mama alimsikiliza, akacheka kidogo, akasema kesho atarudi kununua.

Yudith alimngoja. "Blanketi bado limelowa," alisema walipoondoka. "Rangi ambayo haijakauka inaweza kuondolewa kwa maji ya moto na sabuni, tukiyabadilisha tena na tena. Yanahitajika maji mengi. Mengi kuliko yale uliyokwepa kuchota."

Kwanza ilibidi kufumua pindo lote jekundu. Devotha alikata nyuzi kwa wembe, moja baada ya nyingine, bila kuambiwa. Kisha akabeba madumu. Siku hiyo bomba lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi, na foleni haikuwa na huruma zaidi ya siku ile. Alipokuwa amesimama, alisikia dumu likiburutwa nyuma yake.

"Bado nimekukasirikia," alisema Tausi. "Baba yangu alikaribia kuitwa tapeli kwa sababu yako."

"Najua."

"Basi sogea, usije ukapitwa na wenye mawe yao."

Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakafifia, na Yudith akaendelea kuchemsha mengine. Kando yake kitambaa chekundu kililowekwa kwenye chumvi, safari hii pamoja na shahidi wa kweli. Shahidi alitoka mwekundu. Kitambaa kilirudishwa majini mara kadhaa, mpaka Jumamosi asubuhi shahidi alipotoka mweupe.

Ernesta alipofika, alilikuta blanketi kwenye kamba bila pindo.

"Mbona halijakwisha?"

Yudith alimgeukia binti yake. "Mwambie."

Devotha alimwamkia, kisha akaeleza yote. Ernesta hakumkatiza. Alikwenda kwenye kamba, akakishika kitambaa cha katikati, akakisogeza karibu na macho. Kilikuwa cheupe tena, isipokuwa kona moja, chini kabisa kwenye mshono, ambako alama ya pinki ilikataa kutoka.

"Nimekitunza miezi yote hii," alisema kwa sauti iliyokakamaa. "Sikukifua hata mara moja, nikiogopa kukiharibu." Alimtazama Devotha. "Niambie. Kama doa lingetoka lote, ungenieleza?"

Devotha alitaka kusema ndiyo. Lakini alilifikiria swali lenyewe.

"Sijui," alisema.

Ernesta alikiachia kitambaa. "Angalau hilo ni jibu la kweli. Doa nitamwonyesha baba mwenyewe. Dada, shona. Gari halitaningoja."

Yudith alishona pindo huku Ernesta akila makande, na kabla ya saa nane blanketi lilikuwa begani mwake likielekea Chome.

Hapo ndipo Yudith alipozungumza na binti yake.

"Kuchoka si kosa," alisema. "Maji kukatika si kosa lako. Ungeniambia, 'Mama, maji hayakutoka, sijaloweka,' ningesubiri hadi kesho yake. Kazi yangu inaweza kungoja maji. Uongo siwezi kuungojea, kwa sababu sijui kama upo. Na kitambaa hakijali wewe umeniambia nini wala mimi nimeamini nini. Kama hakijalowekwa, kitachuja. Ukishindwa kazi, niambie umeshindwa. Tutaanzia hapo."

Jumatatu gunia lilikuwa tena mlangoni. Devotha alichambua, akaloweka kitambaa cha bluu, na jioni akampelekea mama yake shahidi mweupe. Yudith aliutazama utepe kwenye mwanga wa dirisha kama kawaida. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya zamani: alitoka uani, akainama kwenye beseni, akachovya kidole na kuonja yale maji.

Devotha alisimama akimtazama. Iliuma, lakini hakulalamika.

"Chumvi ipo," alisema mama yake, akaenda kukaa kwenye cherehani. "Leta kitambaa."