Mtutu wa Kushoto wa Mjane

Haya yalimpata rafiki yangu Verna, hapa hapa milimani Kentucky, na tangu anisimulie simwachi mwanangu acheze uani peke yake. Alikwenda kwa baba mkwe wake, mzee Hobart, kuchukua mayai tu. Juu ya mlango pale huning'inia bunduki ya zamani aina ya Parker, ya mitutu miwili, wanaiita Mjane, kwa sababu mama yake Hobart alimuua mumewe kwa mtutu wa kushoto, na tangu siku hiyo ukoo mzima huweka risasi kulia tu.

"Baba, mpaka leo unaogopa chuma?" Verna akamtania.

"Cheka tu, binti. Kushoto hakuwekwi kitu."

Mara mngurumo ukasikika kutoka gizani, ndani ya ghala la mzee, na mbwa mwenye povu mdomoni akatoka mbio kumwendea Tucker, mtoto wa Verna wa miaka miwili, aliyekuwa akicheza uani. Verna akaitungua Mjane, akaifungua: risasi moja, kulia, kushoto patupu. Akaifunga, akafyatua, akakosa! Mbwa akaruka, na kabla Verna hajagusa kitu bunduki ikalia tena. Kichwa cha mbwa kikapasuka, damu ikamtapakaa Tucker usoni.

"Ifungue," alisema Hobart.

Kushoto mlikuwa na ganda la risasi la karatasi, la kizamani.

"Hili tulimzika nalo baba," Hobart akanong'ona. "Nililitia mfukoni mwake mimi mwenyewe."

Verna akaligusa. Lilikuwa la moto, na udongo mbichi umeligandia.