Unga wa Komare Battistina Usioulizwa

Sogeeni karibu, majirani. Na nyie mnaosikilizia nyuma ya mapazia, fungueni tu madirisha, maana habari hii mnaijua nusu, na hiyo nusu mmekwisha kuitia chumvi.

Jumapili ile ua wa dada yangu Bonaria ulikuwa umetulia. Kengele za kondoo zilisikika kutoka mlimani, shemeji yangu Bachisio alikuwa amelala kitini mdomo wazi, nami nilikuwa namsaidia dada kumenya maharage. Yaani yeye anamenya, mimi nakula jibini. Dada anaishi na maltipo sklerosisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kutafuna mishipa yake ya fahamu. Hapa Sardinia ugonjwa huo si mgeni. Ni nadra kupata ukoo usio na mgonjwa wake. Lakini dada alikuwa anatembea, fimbo akiishika kwenye mteremko tu, na vidonge vya hospitali alivimeza bila kukosa. Kilichomsumbua ni tumbo. Choo kilikuwa kigumu, na kumwambia daktari aliona aibu.

Akaingia komare Battistina. Huyu ndiye aliyemshika binti wa Bonaria siku ya ubatizo, na kwetu komare ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Ndugu unaweza kugombana naye.

"Gavino, bado unatafuna tu? Hata kondoo wanapumzika!"

"Kondoo wana matumbo manne, mama. Mimi nina moja, lazima nilifanyishe kazi."

Alicheka, akatoa chupa ya kioo yenye unga wa kijani chini ya shali yake. "Komare Bonaria, hii ni ya tumbo. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Tumbo likitakata, mishipa yenyewe itapona."

"Oo, komare, a..." Dada akaziba mdomo. Alikuwa karibu kusema asante.

Mnaelewa kwa nini. Kwetu mtu akipigwa jicho la husuda, humwendea mama anayejua maneno. Mama huyo hutia punje za ngano kwenye glasi ya maji na kusali. Dawa hiyo hailipwi, haishukuriwi, haiulizwi, wala haitangazwi kwa watu. Ukishukuru, umeiua. Mimi siicheki sheria hiyo. Bibi yetu alikuwa na maneno hayo. Lakini unga ule haukutoka kwa bibi wa mtu yeyote. Battistina alipewa na bwana mmoja mwenye tai, aliyekuwa akihutubia watu mjini kuhusu afya ya utumbo. Yeye mwenyewe akaumimina kwenye chupa ya kioo, kwa heshima. Ulipotoka kwenye mfuko wa kiwandani na kuingia kwenye chupa ya komare, sote tukauvisha sheria ya ngano.

Mwanzoni choo kilifunguka, na dada akaimba jikoni. Baadaye kikafunguka kupita kiasi, nyimbo zikakatizwa katikati na mbio za kwenda msalani.

"Uchafu unatoka," alisema Battistina. "Ongeza kijiko. Na vile vidonge vya hospitali vipumzishe kwanza, vinapigana na unga."

Dada akavipumzisha, kwenye droo, chini ya soksi. Nilivikuta nikitafuta soksi za kuazima.

"Dada, hivi navyo vinaona baridi?"

"Rudisha! Na usimwambie Bachisio."

"Unga wenyewe una nini?"

"Hauulizwi, Gavino. Unataka uharibike?"

Tangu hapo nyumba nzima ikawa ya kushukiana. Bachisio aliwashuku madaktari: "Miaka yote hiyo dawa, na mke wangu ananyong'onyea kama mshumaa!" Maskini hakujua dawa ziko chini ya soksi. Bonaria aliwashuku majirani kuwa wanamtazama kwa jicho baya. Mimi niliishuku chupa. Niliifungua, nikanusa, nikalamba: tamu mwanzoni, chungu nyuma ya ulimi. Hata Battistina nilimshuku. Nilidhani yule bwana wa tai anamkatia fungu, nikawa namchunguza usoni kila akija. Sikuona kitu ila mama anayempenda komare wake. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwongo ungemkabili, mwenye mapenzi utamwambia nini?

Miguu ikazidi kulegea. Fimbo iliyokuwa ya mteremko ikawa ya uani, kisha ya jikoni. Asubuhi moja dada alianguka kando ya jiko na hakuweza kuinuka. Tukampakia kwenye gari ya jibini ya Bachisio hadi mjini.

Daktari Mulas, mama mwembamba asiyependa porojo, alimpima, akasoma majibu ya damu, akakunja uso.

"Bonaria, miguu imelegea. Mtu angesema ugonjwa umeamka, nikutundikie dawa kali ya kuutuliza. Lakini potasiamu yako iko chini sana, na moyo unarukaruka. Dawa ile huishusha potasiamu zaidi. Nikikosea, moyo unaweza kusimama. Kuna kitu kingine unachotumia?"

"Hakuna, daktari."

"Chochote. Chai, mitishamba, virutubisho?"

Dada alinitazama. Jamani, macho yale! Yalinikataza kuliko mdomo.

"Upo unga," nikasema.

"Gavino! Umeiua dawa!"

"Bora niiue kabla haijakuua. Na vidonge vyako viko chini ya soksi."

Bachisio aligeuka polepole. "Soksi gani?"

"Ugomvi wa soksi baadaye," daktari akamkatiza. "Nataka mfuko uliotoka unga huo. Sasa."

Bachisio akampigia Battistina. Hatukujua kama atakubali. Kuufichua unga, kwa sheria yake, ni kumfungulia komare mlango wa kifo. Bachisio akamweleza alichosema daktari. Kisha tukamsikia akilia: "Nakuja."

Alifika amekumbatia mfuko kama mtoto. Daktari akasoma nyuma yake, maandishi madogo kama kunguni.

"Nyuzinyuzi, sawa. Bakteria wa maziwa, haya. Sanamaki! Hii hufungua choo, mama, lakini ukiinywa kila siku, vijiko kwa vijiko, inakomba maji na madini mwilini. Msuli bila potasiamu ni kamba iliyolowa. Na hapa kuna mmea wanaodai unaamsha kinga. Kinga yake tayari inampiga mwenyewe, nanyi mnaipigia ngoma?"

Dada akatundikiwa maji na madini. Miguu ikarudi, taratibu, na moyo ukatulia. Tungeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini daktari alimgusa vidole vya mkono wa kushoto kwa pini, akamuuliza anasikia nini.

"Umeshaanza?" dada akauliza.

Damu ilikuwa imeshatoka kidoleni.

Hiyo haikuwa kazi ya unga. Ugonjwa ulipata nafasi wakati vidonge vimelala. Dada amerudi kwenye dawa, lakini mkono huo mpaka leo hausikii moto wala nywele za bintiye.

Battistina alipiga magoti kando ya kitanda. "Daktari, mimi nilimpenda."

"Najua, mama. Ndiyo maana hakukuuliza."

FUNZO

Majirani, sisemi virutubisho vyote ni sumu. Dada sasa anatumia nyuzinyuzi alizochaguliwa na Daktari Mulas, anakunywa maji, na choo kinakuja bila kelele. Aibu ya choo aliyoiogopa ilikwisha kwa dakika tano za mazungumzo. Aibu ya kukaa kimya imemnyang'anya mkono. Kwa hiyo ukiletewa kopo, mfuko au chupa ya tumbo, hata na aliyekushikia mtoto ubatizoni, mbusu, kisha muulize: kina nini ndani? Mpelekee daktari wako akione kabla ulimi haujakionja, na dawa uliyoandikiwa usiiache kwa neno la mtu asiyekutibu. Dawa ya kweli haifi kwa kuulizwa. Inayokufa kwa swali, iacheni ife.