Dole Gumba la Dakta Chilongani

Mashine ya Msomachembe ilimeza kipande cha nyama ya mgonjwa, chembamba kuliko ganda la kitunguu, ikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba, na kabla mtu hajapepesa jicho ikawa imeshasoma kila chembe. Dodoma nzima iliapa kwamba mashine hiyo husikia hata saratani ikipiga chafya.

Dakta Chilongani hakuapa. Kabla haijaletwa, yeye ndiye aliyekuwa jicho la jiji. Watu walimpelekea kuku na kumwamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa kazi yake ilikuwa kubandika dole gumba chini ya jibu la mashine. Sheria ilimwachia jambo moja tu: kulipandisha daraja la ukali wa ugonjwa, akiona mashine imekosea. Aliwahi kulipandisha mara chache, na siku hizo alilala usingizi mnono.

Leo kipande kilitoka kwenye titi la mkewe, Sikudhani, aliyeketi kando yake. Wenzake walimsihi ampishe daktari mwingine, akakataa katakata.

"Ni saratani, mama, lakini ya daraja la kwanza," ilisema mashine kwa sauti laini ya Kiunguja. Ikaeleza kwamba chembe zake bado zimejipanga kama vijibomba vya titi lenye afya, hazigawanyiki ovyo, na kwa picha alizopigwa, tezi za kwapani ni safi. Kitolewe kivimbe na ukingo wake, titi libaki. Wengi wenye saratani hii huzeeka, wakafa kwa mengine.

Sikudhani akacheka, mara ya kwanza tangu alipokigusa kile kivimbe bafuni. Akaipapasa mashine. "Ahsante, mwanangu."

Chilongani moyo ukamchoma. Siku zote hizo alikuwa akimbembeleza asiogope, na hakuambulia hata nusu ya kicheko kile. Akainamia hadubini yake ya zamani. Akaviona vijibomba vilevile, vimetulia tuli.

"Daraja la tatu," akasema. "Titi lote liondoke."

"Umeona nini, Baba Mazengo?" akauliza mkewe.

Chilongani akaliinua dole gumba. Likaelea juu ya kioo cha mashine. Sikudhani alilitazama kwanza, kisha akamtazama mwenyewe.

"Kumbe kwako ni bora nikatwe, mradi tu umesema wewe."

Dole likashuka pale mashine iliposema. Chilongani akaomba radhi, akavuta pumzi, akadhani yamekwisha.

Sikudhani hakuinuka. Akaigeukia mashine, akauliza polepole, "Na jirani yetu Mwajabu, aliyeondolewa titi lote mwaka jana kwa dole hilihili, wewe ulimsoma daraja gani?"

Chilongani akaomba iharibike papo hapo. Lakini hakuna aliyewahi kuifundisha kumstiri mtu.

"La kwanza, mama," ikajibu, kwa sauti ileile laini.