Maji Yaliyogoma Kupona

Foleni ya dirisha la malalamiko pale ofisi ya maji ilikuwa imejikunja mara tatu, na kila mtu alikuwa amenuna. Katikati yake alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la maua ya zambarau, ameshika kwa mikono miwili chupa ya jamu iliyojaa maji ya manjano yenye ukungu. Mbele yake watu waliacha nafasi, na nyuma vilevile. Usiwalaumu. Wewe pia ungemkwepa.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na sanduku la chupa za sampuli alisimama.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema taratibu. "Hiyo ni ya hospitali, au ni ya samaki?"

Dada aligeuka tayari kumpa vidonge vyake. Akakutana na macho yanayocheka, na shati la bluu lisilo na kifungo cha juu. Vidonge vikamyeyukia mdomoni.

"Ya samaki," alisema. "Maji yenu yananimalizia samaki."

Huyo dada alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba yao. Juu aliishi na mama yake. Sebuleni kulikuwa na tangi la kioo aliloliacha marehemu baba yake, na samaki sita. Sasa walibaki wanne, mkubwa wao akiwa wa rangi ya chungwa, mnene, mwenye maringo, ambaye marehemu alimwita Bwana Mkubwa. Mama alikuwa amesema neno moja tu tangu samaki waanze kufa: huyo akiondoka, naye hana tena cha kumtazama humo ndani. Ndiyo maana binti alipanga foleni na chupa ya jamu bila kuona haya.

Yule mwanamume alikuwa mpima maji. Alimweleza kwamba maji ya bomba yana dawa inayowalinda watu lakini inawaunguza samaki, kwa hiyo ayaache kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyamimina. Ila ukungu kama ule, alisema, una hadithi nyingine. Jumamosi alifika nyumbani na kichupa cha matone.

Alichota maji ya tangi, akadondosha matone, wakasubiri. Jua la alasiri lilipenya kwenye kioo, likachora mawimbi madogo ukutani na kwenye mkono wa Fundi. Mpima Maji aliyatazama mawimbi yale yakimpanda mpaka begani, akasahau saa.

"Yakibaki manjano, maji ni mazima," alisema alipozinduka. "Yakigeuka kijani, kuna sumu ya mavi yao na chakula kilichooza."

Yakawa kijani.

Alimwuliza anasafishaje. Fundi alijisifu kwamba kila wiki humwaga maji yote na kulifua sponji la chujio kwa sabuni mpaka liwe jeupe. Mpima Maji alishika kichwa. Ndani ya lile sponji, alimweleza, wanaishi vijidudu wema wanaoila ile sumu, na yeye alikuwa akiwaua wote kila wiki kwa usafi wake. Kuanzia leo abadilishe robo tu ya maji, sponji alikamue kwenye maji ya tangi lenyewe, na chakula kiwe kidogo cha ncha ya vidole, mara moja, asubuhi.

Kabla hajaondoka, Fundi alimshonea kile kifungo.

Basi ikawa kila mchana simu inalia.

"Rangi gani leo, mpenzi?" Hilo neno lilimtoka Mpima Maji siku ya tisa, wala hakulirudisha.

"Kijani."

"Kijani cha mbaazi au cha mchicha?"

"Cha mbaazi. Na wewe umekula?"

"Nitakula nikisikia manjano."

"Utakufa njaa, ujue."

Na kila Jumamosi alikuja, na karibu kila Jumamosi shati lake lilikuwa limepoteza kifungo. Fundi aliona tangu kifungo cha pili kwamba uzi ule haukukatika, ulikatwa kwa wembe. Akashona tu, kwa raha. Mwanamke gani asingependa?

Lakini maji yaligoma kupona. Shoga yake aliyeshona naye chini akamtania kwamba huyo bwana hataki tangi lipone, likipona atakuja kufanya nini? Walicheka wote wawili, ila neno likabaki limemkaa.

Jumamosi moja Mpima Maji aliwahi, saa kumi kamili, Fundi akiwa bado kwenye cherehani. Alimkuta mama mbele ya tangi, anarusha mkate. Mama alishtuka, akamshika mkono, akamsihi asimwambie binti yake, hatarudia. Mpima Maji akaahidi. Mama aliingia jikoni, naye akazamisha mkono kuokota vipande vilivyolowa. Hapo ndipo Fundi alipoingia.

"Una nini mkononi?"

Fundi aliukunjua mkono ule, akaona mkate.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mtu anayejikatia vifungo ili aje ashonewe, atashindwa nini kuharibu maji? Hao ni samaki wa baba yangu."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Mpima Maji alimtazama mara moja, akaweka kichupa cha matone juu ya meza, akaondoka bila kusema.

Fundi alilia, kisha akapima. Alipima kila siku. Alikuwa na hakika kwamba mharibifu akiondoka, rangi itafifia. Siku ya tatu, kijani. Siku ya tano, kijani cha mchicha, na Bwana Mkubwa akawa anahemea juu ya maji. Siku ya sita Fundi alikaa na kile kichupa, akaona jambo alilopaswa kuliona mapema: mtu hayupo, kijani kipo. Saa kumi, saa ile ile ya mkate, akaacha cherehani, akapanda ngazi miguu mitupu asisikike, akamkuta mama mbele ya tangi na mkate mkononi.

Mama hakukimbia.

"Baba yako alikuwa akiwalisha saa hii, akitoka kazini," alisema. "Nikiwarushia mkate, naona kama ndiyo kwanza ameingia. Nimejaribu kuacha, mwanangu. Nimeshindwa."

Fundi alimkumbatia. Kisha akampa kopo la chakula cha samaki. Kuanzia leo, alimwambia, yeye hatalisha tena asubuhi. Kazi hiyo ni ya mama, saa kumi, ncha ya vidole tu, bila mkate. Mama alilikumbatia lile kopo kifuani.

Kisha Fundi akapiga simu.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilimwahidi mama."

"Ukakubali nikufukuze?"

"Nilidhani utanipigia jioni ile ile. Nimekaa siku sita naitazama simu kama mjinga."

"Nisamehe, mpenzi. Njoo."

"Nitakuja yakiwa manjano," alisema. "Sitaki tena kuja kwa kisingizio."

Ilichukua siku kumi na saba. Bwana Mkubwa alirudia maringo yake siku ya kumi. Siku ile matone yalipobaki manjano, Fundi alivaa gauni la zambarau, akaketi pembeni ya tangi, mawimbi ya jua yakitembea ukutani.

Mpima Maji alisimama mlangoni na shati la bluu lenye vifungo vyote saba.

"Maji yako ni mazima na shati langu ni zima," alisema. "Leo sina sababu. Nimekuja kukuomba tuoane."

Fundi alimsogelea, akakishika kifungo cha juu. Kilishonwa kwa uzi mweusi, ovyo, mafundo matatu.

"Umeshona mwenyewe?"

"Vyote, nisije nikashukiwa."

Alichukua mkasi wake, akakikata kifungo kile, akakitia mfukoni mwa gauni lake.

"Kaa," alisema. "Vyote saba vinarudiwa."