Waya wa Kijani na Manjano

Kisa hiki nilisimuliwa na binti yangu, fundi umeme wa kiwanda cha maziwa, Jumapili iliyopita tulipokuwa tukichambua mchele. Mjukuu wangu alikuwa papo hapo, na kila mama yake alipotaka kumfichia aibu, yeye alimkatiza na kusema ilivyokuwa. Kwa hiyo nakiandika bila kupunguza.

Mjukuu huyo tunamwita Sisimizi kwa sababu hajui kutulia. Akiketi, mguu unacheza. Akisimama, mkono unagusagusa. Kila siku akitoka shule hupitia kiwandani kumngoja mama yake, akakaa kwenye meza ya mafundi na kufanya hesabu zake nusunusu.

Siku hiyo kiwanda kizima kilikuwa roho juu. Kifaa cha kupimia maziwa yanavyopita bombani kilikuwa kimeharibika, na kipya kilikuwa kinafungwa. Kina sehemu mbili. Kuna kihisi, kinachokaa kwenye bomba lenyewe, na kuna transmita, sanduku la chuma lenye namba zinazowaka, ambalo hufungwa ukutani, mbali na joto na mtikisiko wa bomba. Kebo ndiyo inayoviunganisha. Mpaka transmita ipate umeme, maziwa hayasukumwi, na maziwa hayana subira. Msimamizi alikuwa akienda na kurudi, akiigonga saa yake kana kwamba ndiyo iliyochelewa.

Binti yangu hakukubali kukimbizwa. Alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli yake, ufunguo akautundika shingoni. Huo ndio utaratibu wao: mwenye mikono kwenye nyaya ndiye mwenye ufunguo, na hata mkurugenzi haruhusiwi kuigusa kufuli hiyo. Akaunganisha nyaya za kihisi, kisha akaketi mezani kuchuna ganda la plastiki kwenye ncha za nyaya za kebo ya umeme ya transmita. Zilikuwa tatu. Alikuwa amechuna mbili msimamizi alipomwita.

Sisimizi akabaki ameutumbulia macho waya wa tatu, wa kijani na manjano. Kisu chake cha kuchongea penseli kilikuwa mfukoni. Akaona amsaidie mama, mambo yaende. Alipokizungusha, kisu kilizama kuliko alivyotaka, na nyuzi za shaba zikakatika karibu zote. Zikabaki mbili tu zinazoushikilia waya. Akalivuta ganda la plastiki likafunika pale palipokatika, na waya ukaonekana mzima.

Mama yake alirudi mbio, akakuta ncha tatu ziko tayari, akadhani alizimaliza mwenyewe. Akazikaza kwa skrubu ndani ya sanduku. Alipozipima kwa mashine yake, ikalia tii, maana yake nyaya ni nzima. Nyuzi mbili zilitosha kuidanganya.

Mguu wa Sisimizi ukaanza kucheza hadi meza ikatikisika.

"Wewe mtoto, kiti kina mchwa?" akamtania mzee anayeosha mabomba, ambaye pale kazini wote humwita Babu Mapovu. Alikuwa amelowa hadi viwikoni. Alikuwa analisifia lile sanduku jipya, huku akikifutafuta kioo chake kwa kiganja.

Sisimizi akamuuliza mama yake, kama mtu anayeuliza swali la darasani, ule waya wa kijani na manjano una kazi gani.

"Siku zote hauna kazi," mama akajibu huku akifunga kifuniko. "Hata usipokuwepo, kila kitu kitawaka. Unangoja siku moja tu, siku umeme utakapotoroka ukagusa chuma. Siku hiyo unaupeleka ardhini, usipite kwenye mwili wa mtu."

Sisimizi akakitazama kiganja cha Babu Mapovu. Kilikuwa kinachuruzika maji, na bado kiko juu ya sanduku. Mama alikuwa ameshafika kwenye swichi na kutoa kufuli, na msimamizi anamhimiza, washa, dada, washa.

"Mama, usiwashe. Ule waya nimeukata mimi."

Msimamizi akanung'unika kwamba mashine imelia, kila mtu ameisikia, mtoto asiwapotezee muda. Binti yangu alirudisha kufuli, akautundika ufunguo shingoni, akaenda kulifungua sanduku. Akaushika ule waya kwa vidole viwili, akauvuta kidogo tu. Ukakatika, ukabaki mkononi mwake.

Babu Mapovu aliutazama waya, akautazama mkono wake, kisha akaufuta polepole kwenye aproni. Msimamizi akaacha kuigonga saa.

"Fanya taratibu, fundi," akasema.

Waya ulikatwa upya na kuchunwa kwa koleo la kazi hiyo. Safari hii mama alivuta kila waya kwa mkono kabla ya kupima. Kisha akawaamuru wote wasogee, akawasha. Namba zikawaka, na maziwa yakaanza kupita.

Sisimizi alikuwa ameinama, anangoja kugombezwa.

"Nyaya nimeharibu nyingi," mama akamwambia. "Nikiona waya umeharibika, naukata. Ukiufunika, nautegemea, na hawa wananitegemea mimi. Ukikosea, sema mapema, mikono ya watu ikiwa bado mbali. Na mimi nimekosea, nilikuta ncha tatu nisijiulize ya tatu kaichuna nani. Sasa nipe hicho kisu."

Babu Mapovu akasema yeye hana neno, ila tangu leo akitaka kusifia kitu atakisifia mikono ikiwa mfukoni. Wakacheka, hata msimamizi.

Usiku huo binti yangu alilala kitandani na viatu vyake vya kazi miguuni. Sisimizi hakuweza kutulia. Alimvua mama viatu kimoja kimoja, akanawa mikono, akaenda kuzima taa. Alipofika kwenye swichi akasita, akarudi, akaifuta mikono kwenye kanga hadi ikakauka kabisa. Ndipo akazima, akajilaza, na mguu wake ukatulia akalala.