Samaki Bila Kichwa

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita, na nimefanya kazi katika hoteli moja ya Homa Bay tangu nikiwa msichana wa kuosha sufuria. Haya hata mume wangu hayajui...

Mwaka jana mwenye hoteli, mama mjane, alitangaza kwamba safari hii mpishi mkuu atakuwa mwanamke. Nilijua ni mimi. Nani mwingine?

Kumbe jicho lake lilikuwa kwa Boke, msichana Mkuria wa Isebania ambaye kazi nilimfundisha mwenyewe! Aliniita mama. Mkono wake ni mtamu, siwezi kudanganya. Lakini kwao wamezoea nyama na maziwa. Kwa mambo ya samaki alitegemea mdomo wangu.

Ili tuone uwezo wake, Boke aliambiwa awapikie wazee wa ukoo wa marehemu mume wa tajiri wetu. Asubuhi hiyo akaniuliza ngege, samaki wetu wa ziwani, huandaliwa vipi kwa wageni. Roho mbaya ikanipanda... Nikamwambia samaki wa wazee wa heshima huondolewa vichwa, ili wazee wasisumbuke na mifupa.

Ee Mungu wangu! Kwetu Waluo, kumpa mgeni samaki bila kichwa ni kumtukana. Nilisimama mlangoni nikaona sahani zikifika mezani. Mzee mmoja alimgeuza samaki wake mara mbili, akanawa mikono, akainuka. Wenzake wakamfuata. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Boke alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilingoja anitaje... hakunitaja!

Wiki mbili baadaye akaletwa mwanaume kutoka mbali awe mpishi mkuu. Mwenye hoteli alisema amechoka kujaribu wanawake. Kisha akaniambia jambo lililonikata maini: kabla ya siku ile ya wazee, Boke alikuwa amemwomba cheo kile nipewe mimi, yeye awe msaidizi wangu.

Nilimtafuta hadi Osiri, kule Migori, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa kwenye kibanda cha mabati akiwapikia wachimbaji, macho mekundu kwa moshi. Nilipiga magoti nikakiri yote. Hakuniinua. Alinipakulia ugali na samaki mzima, kichwa kikinielekea.

"Kula, mama," alisema. "Mgeni hupewa na kichwa. Siku hizi najua."



Enyi kina mama mliotangulia jikoni, msichana akikuuliza, mwambie ukweli! Mimi sasa napika chini ya yule mwanaume, na kila ninapomshika samaki kichwa, namkumbuka Boke.